Kuta Zingojazo Paa

Kila mwaka wakati wa likizo wengi wetu hurudi makwao, na kila arudiye kazini huleta salamu na habari za nyumbani. Katika habari hizo iko moja tuliyoisikia mara nyingi hata imekuwa kama desturi, nayo ni hii: kuta zimesimama, lakini paa bado. Ukipita njia yo yote itokayo mjini kwenda mashamba utaziona kuta hizo kwa macho yako. Zimejengwa kwa matofali ya udongo. Milango na madirisha ni matundu matupu. Majani yameota ndani ya vyumba, na juu hakuna ila mbingu. Mwenyewe ukimwuliza atakujibu, "Nangojea mabati." Naye ameyangojea mwaka wa kwanza, akayangojea wa pili, na masika ya tatu yakaja yakaula ukuta wa upande wa mvua hata ukalala chini.

Jambo hili si la kuchekwa, maana limetufikia sisi wenyewe. Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alitumikia miaka mingi akipeleka fedha nyumbani karibu kila mwezi. Wanakijiji wenzake wakamtendea wema mkubwa, wakamfyatulia matofali na kumwinulia kuta bila malipo ila chakula. Siku ya kustaafu alirudisha funguo za nyumba ya Serikali, akapakia masanduku yake, akasafiri na mkewe. Alipofika alikuta kuta mbili katika zile nne. Usiku ule walilala kwa mdogo wake, katika chumba cha watoto, na watoto wakahamishiwa jikoni. Yatupasa kusema wazi kwamba hakuna aliyemwibia. Fedha zilitumika kwa ujenzi, kazi ilifanywa, na watu walitoka jasho la kweli. Kilichokosekana ni mpango.

Kwa sababu hiyo tumeona vema katika toleo hili tuseme na wanachama juu ya ujenzi wa nyumba kwa kujitolea huko vijijini: namna ya kuufanya usipoteze nguvu za watu, na namna ya kuufanya udumu.

Kwanza tukiri kwamba nguvu za watu zipo. Kusaidiana kujenga hatukufundishwa na mtu. Ujima ni wa tangu mababu. Upare na Kilimanjaro watu huitana kwa msaragambo. Kenya tangu uhuru wa 1963 neno harambee limejenga shule na zahanati zisizohesabika. Mwenye nyumba hupika, majirani huja na majembe, na jioni kazi imeonekana. Basi mtu akisema vijiji vyetu havina nyumba bora kwa sababu watu ni wavivu, huyo hajapata kusimama karibu na shimo la udongo saa mbili ya asubuhi akawaona akina mama wakipanda na ndoo za maji kichwani.

Lakini nguvu haziwezi kila kitu. Udongo, mchanga, maji, mawe na mikono hupatikana kijijini bila fedha. Mabati, misumari, saruji, bawaba na mbao zilizopasuliwa hazipatikani hivyo, nazo zataka fedha taslimu, tena kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi husimama. Tumetumia fedha kidogo kidogo katika sehemu ambayo mikono ingeweza kuifanya, na tumefika mikono mitupu katika sehemu ambayo fedha peke yake ndiyo iwezayo.

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa. Katika miaka ya 1954 na 1955 Umoja wa Mataifa ulipeleka wajumbe watatu, Charles Abrams, Vladimir Bodiansky na Otto Koenigsberger, katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu 1957 yaitwa Ghana. Waliona vijijini yale yale tuyaonayo sisi. Watu waliweza kuinua kuta za udongo kwa kusaidiana, wakashindwa na paa. Wajumbe hawakushauri Serikali iwajengee watu nyumba nzima, kwani hazina isingetosha, wala hawakusema watu waachwe wajitegemee hata mwisho. Walishauri mkopo wa paa. Wanakijiji waunde chama cha nyumba. Mwenye kuta imara akopeshwe fedha za paa, milango na madirisha. Naye arudishe kidogo kidogo, chama chake kikimdhamini. Mkopo mdogo ukakamilisha kazi kubwa ambayo mwenyewe alikwisha kuifanya.

Fikirini, ndugu, hekima iliyomo. Fedha iliwekwa mahali pamoja tu, pale ambapo jasho halifai kitu. Tena kuta zenyewe zilikuwa ushahidi wa nia ya mkopaji. Mtu aliyefyatua matofali na kuyapanga hata juu ya madirisha hahitaji barua nyingi za kumsifu.

Jambo la pili ni kujifunza kabla ya kujenga. Katika kisiwa cha Cape Breton, nchi ya Kanada, walikuwapo wachimba makaa ya mawe wa mji mdogo uitwao Reserve Mines, waliopanga nyumba mbovu za watu wengine. Padre Jimmy Tompkins aliwahimiza, na Bibi Mary Arnold akaja kuwafundisha. Hawakukimbilia jembe. Walikutana jioni baada ya kazi, kwa miezi mingi, wakasoma masharti ya mkopo, wakajifunza kuweka hesabu, wakatengeneza mifano midogo ya nyumba zao ili kila mtu aone chumba kitakuwa wapi na mlango utafunguka upande gani. Ndipo familia 11 zikajenga, na mwaka 1938 zikapata nyumba zao. Watu hao walikuwa wachimba makaa, si makarani. Ikiwa wao waliweza kukaa na daftari baada ya kutwa chini ya ardhi, sisi ambao daftari ndiyo kazi yetu tuna udhuru gani?

Jambo la tatu ni ukubwa wa kundi na masharti yake. Katika bonde la San Joaquin, California, wafanyakazi wa mashamba walianza kujijengea nyumba kwa kusaidiana huko Goshen mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1965 chama cha Self-Help Enterprises kikaundwa ili kuwaongoza. Mpango wa namna hiyo umeenea katika mashamba ya Marekani, na masharti yake ni machache lakini ni magumu. Familia chache hufungwa katika kundi moja. Kwa pamoja zafanya kazi si chini ya asilimia 65 ya kazi yote ya ujenzi. Kazi za hatari na za ufundi mkubwa huachiwa mafundi, na msimamizi anayejua kazi hulipwa mshahara. Tena, hakuna familia ihamiayo katika nyumba yake mpaka nyumba zote za kundi zimekwisha. Sharti hili la mwisho latibu ugonjwa tuujuao sote, yaani mtu kuwa mwepesi wa kazi mpaka nyumba yake iezekwe, kisha akaugua mgongo.

Nasi Tanzania tuna fundisho letu, tena la gharama. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu wasiingizwe katika vijiji vya ujamaa kwa nguvu, bali kwa hiari yao wenyewe. Lakini kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, na wengine walilazimishwa. Wengi walifika mahali pasipo nyumba, wakajenga kwa haraka vibanda vya miti na majani ili wapate pa kulala. Nyumba iliyojengwa kwa amri na kwa haraka huendelezwa kwa amri tu, na amri ikiisha hubaki jinsi ilivyo. Kwa hiyo lo lote tutakalolishauri hapa liwe la hiari, tena liwe la watu wachache wanaojuana kabla halijawa la kijiji kizima.

Sasa tuje katika kazi yenyewe.

Kalenda ndiyo msimamizi wa kwanza. Mahali penye masika na vuli, miezi ya kiangazi baada ya mavuno ndiyo ya kufyatua, kukausha na kujenga, na paa liwe juu kabla ya vuli. Kwa hiyo mabati, mbao na misumari vinunuliwe au viahidiwe kabla ya tofali la kwanza kupangwa. Wako watakaosema kwamba kununua paa kabla ya msingi ni kutanguliza mkia mbele ya kichwa. Twawajibu kwamba bati lililowekwa ndani pakavu haliozi, bali ukuta wa udongo ulioachwa nje huoza.

Udongo nao upimwe kabla ya kutumiwa. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia udongo hata theluthi, jaza maji, tikisa sana, kisha iache itulie mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, na mfinyanzi juu. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, na wenye mchanga mtupu haushikani. Jaribio hili halina gharama, nalo laweza kuokoa matofali elfu.

Juu ya kuchoma matofali yatupasa kusema jambo lisilopendwa. Tanuri la matofali hula kuni nyingi mno, na kuni hizo ni miti ya chemchemi zetu. Nyumba bora ya baba isiwe sababu ya mtoto kukosa maji. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001 na kuirithi kazi ya kitengo cha utafiti wa majengo cha 1971, umehimiza matofali ya kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa katika mashine ya mkono, hauchomwi kabisa. Tofali moja huingia katika jingine kwa ulimi na tundu, hata udongo wa kuunganishia huhitajika kidogo sana. Walakini matofali haya yana sharti moja ambalo wengi hulidharau: yawekwe kivulini na kumwagiwa maji muda wa wiki moja au zaidi. Yakiachwa juani siku ile ile, saruji hukauka kabla ya kushika, na fedha yote iliyonunua saruji imetupwa.

Nyumba ya udongo huishi miaka mingi ikiwa maji hayaigusi chini wala juu. Chini iwe na msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi kwa kiasi ambacho matone yarukayo hayafiki ukutani. Juu paa litoke nje ya ukuta kwa upana wa kutosha. Na maji ya paa yasiachwe kwenda bure. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la mita za mraba 50, mahali panapopata milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 25,000. Hata tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayomwagika, zabaki lita 20,000. Mchirizi na tangi vikiingizwa katika hesabu tangu mwanzo, mama wa nyumba ile atapunguziwa safari nyingi za mtoni.

Sasa twafika mahali ambapo makarani tunatakiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kuwa jasho pia ni mali. Watu 20 wakiitwa asubuhi, wakangoja saa 2 kwa kuwa mchanga haujaletwa, zimepotea saa 40, yaani siku 5 za mtu mmoja anayefanya kazi saa 8. Jambo hilo likitukia mara moja kila wiki kwa miezi mitatu, mmepoteza nguvu za kuinua kuta za nyumba nzima, wala hakuna aliyejua, maana saa haziachi vumbi.

Kwa hiyo kila kundi liwe na madaftari matatu. La kwanza ni la siku za kazi: nani alikuja, saa ngapi, alifanya nini, na kwa nyumba ya nani. La pili ni la ghala: mfuko wa saruji ulioingia, uliotoka, aliyeuchukua na saini yake, au dole gumba kwa asiyejua kuandika. La tatu ni la fedha, nalo lisomwe kwa sauti mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mwenye ufunguo wa ghala asiwe ndiye mwenye daftari la ghala. Sheria hii twaifuata ofisini kila siku. Ajabu ni kwamba tukifika nyumbani twaiacha kwa kuona haya.

Tunajua lawama itakayokuja. Wazee watasema, "Tangu lini jirani akamwandikia jirani siku alizomsaidia? Hayo ni mambo ya bepari, na ujima utakufa." Lawama hiyo haikosi ukweli, na tusiijibu kwa kiburi. Ujima wa siku moja ya kulima hauhitaji kalamu, maana kila mtu aona aliyekuja na asiyekuja. Lakini kazi ya nyumba kumi ni ya miezi mingi, na moyo wa mwanadamu hukumbuka zaidi siku alizotoa kuliko siku alizopokea. Daftari huja kuwaondolea majirani shaka, ili baada ya nyumba ya kumi waweze bado kusalimiana. Tena daftari lenyewe liwe na huruma. Mjane asiyeweza kubeba mawe aandikiwe siku zake kwa kupika au kutunza watoto wa wengine. Mgonjwa asamehewe kwa shauri la wote, wala si kwa uamuzi wa karani.

Liko pia jambo la kiwanja. Kujenga nyumba ya kudumu mahali ambapo haki yake haijaandikwa ni kumjengea mwanasheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke waweza kuandikwa wote wawili. Tumeona wajane wakitolewa katika nyumba ambazo matofali yake waliyasomba wao wenyewe. Basi hati itangulie msingi, na jina la mke liwemo.

Mwisho wa kazi usiwe mwisho wa chama. Kundi lililojenga nyumba kumi libaki na mfuko mdogo wa matengenezo, na kila mwaka kabla ya masika wapite nyumba kwa nyumba wakitazama: bati lililolegea, mchirizi uliojaa majani, mchwa katika boriti, ufa pembeni mwa dirisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaitumia katika mambo yote ya dunia, tukasahau kwamba ilianza na nyumba.

Ndugu Wanachama, haya hatuyaandiki ili yasomwe na kutiwa katika faili. Katika Mkutano Mkuu ujao Halmashauri italeta shauri moja mbele yenu, nalo ni hili: sehemu ya mfuko wetu wa mikopo itengwe kuwa mkopo wa paa. Atakayeuomba aonyeshe hati ya kiwanja, kuta zilizo imara, na majina ya majirani watakaojenga pamoja naye. Na fedha zitolewe kwa mwenye duka la vifaa, si mkononi mwake. Wako watakaopinga, wakisema mfuko ni mdogo na wenye shida za msiba na ada za shule ni wengi. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuna jibu la kuwafunga vinywa. Twasema tu kwamba msiba huja bila taarifa, lakini kustaafu kuna tarehe yake, na kila mmoja wetu aijua yake.

Kabla ya mkutano huo twawaomba wanachama walio katika likizo wafanye jambo moja dogo. Zihesabuni kuta zisizo na paa katika vijiji vyenu, mwulize kila mwenye nazo amengojea masika mangapi, mkaandike mliyoyapata mkayalete. Tukiwa na hesabu hiyo mezani, maneno yatakuwa machache na uamuzi utakuwa mwepesi.

Na yule mzee wetu tuliyemtaja mwanzo? Msimu uliopita majirani walirudi wakazisimamisha tena zile kuta mbili, safari hii juu ya msingi wa mawe. Amenunua mabati nusu. Nusu ya pili angali anaitafuta, na vuli haiko mbali.